Leaf ya 2013 yenye mistari 12, na LUKU moja ya wapangaji watatu: ninunue?

Swali: Habari za kazi mtaalamu. Ninaishi Mbezi Luis, ofisi iko Posta, kwa siku natembea kama kilomita 50 kwenda na kurudi. Sasa hivi natumia IST na petroli inanimaliza. Kuna yadi wana gari la umeme, Nissan Leaf ya 2013. Muuzaji amenionyesha kwenye dashibodi mistari 12 ya betri, yote imejaa, anasema betri ni kama mpya. Shemeji yangu yuko Nairobi, anayo Leaf na anaisifia sana. Mume wangu hataki kusikia: anasema betri ikifa ndiyo basi, na mvua zikinyesha tutapigwa shoti. Mara moja kwa mwezi huwa naenda Morogoro kwa mama. Nyumba tumepanga, tuko wapangaji watatu, LUKU moja. Ninunue au niache?

Jibu: Dada, usilipie gari hilo kwanza. Sikukatazi gari la umeme. Kwa safari ya Mbezi hadi Posta, foleni yote ile ya Ubungo na Magomeni, gari la umeme ndilo linalofaa kuliko aina nyingine yoyote. Lakini umeeleza mambo mawili ambayo lazima yapatiwe majibu kabla hela haijatoka mfukoni: ile mistari 12 kwenye gari la 2013, na ile LUKU ya watu watatu. Anayenunua Leaf iliyotumika ananunua betri na mahali pa kuchomeka, na mengine yote yanafuata hapo.

Nianze na hofu ya mzee nyumbani, kwa sababu nusu yake ni ya kweli. Ya shoti, muondoe wasiwasi. Betri kubwa ya gari hili ina umeme wa volti takribani 360 hadi 400, ndiyo, na huo unaua. Lakini nyaya zake zote, zile zenye ganda la rangi ya chungwa, hazigusani kabisa na bodi la gari. Kompyuta inapima muda wote kama umeme unavuja kwenda kwenye bodi, na ikiona hitilafu kubwa inafungua swichi zilizo ndani ya betri na kuutenga umeme humohumo. Kuchaji mvua ikinyesha nako hakuna shida kama vifaa ni vizima: unapochomeka, waya na gari vinapimana kwanza kwa umeme mdogo sana, na umeme wenyewe hauruhusiwi kupita mpaka vyote viwili vikubali. Cha kuogopa ni maji ya kina. Leaf iko chini, nafasi kati ya tumbo lake na barabara ni kama sentimita 15 hadi 16, na betri ndilo tumbo lenyewe. Bonde la Jangwani likijaa maji, usipite. Gari likishazama usilichomeke hata likionekana limekauka, mpaka mtu mwenye kipimo cha uvujaji wa umeme mkubwa alikague.

Kuhusu "betri ikifa ndiyo basi", hapo mume wako ana hoja, ila haitokei hivyo. Betri ya gari haifi ghafla kama taa inavyoungua. Inachakaa pole pole, mfano wa pipa ambalo kila mwaka linaongezwa mawe chini: bado unalijaza mpaka juu, lakini maji yanayoingia ni machache. Betri kubwa imeundwa kwa vibetri vidogo vingi vinavyoitwa seli, na ndani ya kila seli kuna utando mwembamba unaojijenga juu ya upande hasi. Utando huo ni wa lazima, bila wenyewe seli isingefanya kazi, lakini unaendelea kunenepa, na kila unaponenepa unakula sehemu ya lithiamu iliyokuwa ikibeba chaji. Vitu viwili vinaunenepesha haraka: joto, na kukaa muda mrefu chaji ikiwa imejaa kabisa. Kwa makisio ya mafundi na wanakemia, kila joto linapopanda nyuzi 10 kasi ya uchakavu huo inakaribia kuwa mara mbili.

Hapo ndipo ushuhuda wa shemeji yako unapoishia. Nairobi iko juu ya mwinuko wa takribani mita 1,700, na gari lake linalala kwenye ubaridi karibu mwaka mzima. Lako litashinda Posta juani, juu ya lami, Januari na Februari nyuzi 32, halafu lirudi kwenye usiku wa Dar ambao nao haupoi. Betri ya Leaf ya vizazi viwili vya kwanza haina mfumo wa kuipoza: hakuna maji yanayozunguka wala feni, joto linatoka lenyewe taratibu kupitia boma la chuma. Magari mengi ya umeme ya kampuni nyingine yanapoza betri kwa maji, Leaf hizo hazifanyi hivyo. Jambo hili lilijulikana mapema. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Arizona, Marekani, jimbo lenye joto kali, walianza kuona betri zao zikipungua baada ya mwaka mmoja au miwili tu, na Nissan ikalazimika kuongeza dhamana ya ujazo wa betri. Baadaye, kwa modeli za 2015, iliweka seli zinazovumilia joto zaidi. Gari unaloonyeshwa ni la kabla ya hapo.

Sasa ile mistari. Upande wa kulia wa dashibodi kuna safu mbili. Mistari mikubwa inaonyesha chaji iliyopo sasa hivi, hiyo hupanda na kushuka kila siku. Vimistari vidogo vilivyo pembeni yake ndivyo vinavyoonyesha ukubwa wa pipa lenyewe, navyo jumla ni 12. Hakikisha kwanza muuzaji hakukuonyesha ile mikubwa, maana wanunuzi wengi wanadanganyika hapo. Kimstari kidogo cha kwanza kinapotea betri ikishapoteza kama asilimia 15, na kila kinachofuata ni asilimia 6 na kidogo. Kwa hiyo 12 ni afya ya asilimia 85 kwenda juu, 10 ni kama 73 hadi 78, na 9 ni kama 67 hadi 72.

Leaf ya 2013 yenye vimistari 12 vya kweli karibu kila mara ni ile iliyobadilishwa betri, na hilo lina karatasi zake. Bila karatasi, dhana ya kwanza iwe kwamba kompyuta ya betri imefutwa kumbukumbu. Kwa kifaa kidogo inafanyika ndani ya dakika chache: kompyuta inasahau ilichojifunza, inaamini betri ni mpya, vimistari 12 vinarudi. Ukishaliendesha wiki kadhaa inajifunza upya, vimistari vinaanza kuanguka kimoja kimoja, na wewe umeshalipa. Sisemi muuzaji wako amefanya hivyo. Huenda naye alinunua likiwa hivyo. Ila upime.

Watu watakwambia pakua programu ya Leaf Spy, nunua kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, usome asilimia ya afya. Ni ushauri mzuri, lakini ile asilimia inatoka kwenye kompyuta ileile iliyofutwa, nayo itakudanganya vilevile. Kisichodanganya kwenye Leaf Spy ni volti za seli, kwa sababu hizo zinapimwa papo hapo. Utaona mchoro wa nguzo 96 za volti hizo zimesimama pamoja. Tazama chaji ikiwa imeshuka kwenye asilimia 20 hadi 30, dereva akikanyaga mafuta (tuendelee kuuita hivyo hivyo). Nguzo zote zikishuka kwa pamoja ni sawa. Moja ikizama chini ya wenzake kwa zaidi ya milivolti 100, hapo kuna seli dhaifu, na hiyo moja ndiyo itakayolizima gari njiani wakati dashibodi bado inasema una chaji.

Kipimo ninachokiamini zaidi hakihitaji simu wala programu. Endesha gari mpaka taa ya chaji ndogo iwake, yaani kwenye asilimia 17 hadi 20. Chomeka, soma uniti za LUKU (uniti moja ni kilowati-saa moja), zima kila kitu kingine kwenye nyumba hiyo au yadi hiyo, chaji mpaka ijae, soma tena. Leaf ya kilowati-saa 24, kama hiyo ya 2013, ikiwa mpya inatumika kama 21 kati ya hizo, na ukihesabu umeme unaopotea njiani, kutoka taa ya chaji ndogo mpaka kujaa itakula karibu uniti 19. Ikila 12 na nusu, afya yake ni kama asilimia 65, dashibodi iseme inavyotaka. Muuzaji akikataa kipimo hiki, liache gari.

Tufanye hesabu ya safari yako. Kwenye foleni, kiyoyozi kikiwaka, kadiria kilomita 6 kwa uniti moja. Betri ya 24 yenye afya ya 65 inakupa kama uniti 13.5, sawa na kilomita 80 mpaka kufa kabisa. Ukijiwekea akiba ya moja ya tano, na hiyo ni lazima, unabaki na kilomita 65. Safari yako ni 50. Inatosha leo, lakini kwa shida: kila usiku lazima ujaze, umeme ukikatika usiku mmoja kesho yake hujui utafikaje, na baada ya joto la miaka miwili mitatu zile kilomita 65 zinaikaribia 50. Sikushauri.

Leaf ya kizazi cha pili, ile ya kilowati-saa 40 iliyoanza kuuzwa Japani Oktoba 2017, ni jambo jingine. Ikiwa na afya ya asilimia 85 inakupa kama kilomita 190, au 150 ukiacha akiba. Unaweza kuchaji mara moja kwa siku mbili, kukatika kwa umeme hakukutishi, na unaweza kuishi katikati ya betri, kati ya asilimia 20 na 80, mahali ambapo ule utando unanenepa polepole. Nayo haina kipoza betri, jua hilo, ila pipa ni kubwa na halikamuliwi kila siku. Kati ya hizo mbili kuna ya kilowati-saa 30, ya 2016 na 2017, inayofaa ukiipata na afya nzuri. Ukiagiza kutoka Japani mwenyewe, omba picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa, vimistari vikionekana, na pitisha gari kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kulipa, kwani likizidi miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu.

Morogoro. Kutoka Mbezi ni zaidi ya kilomita 170, kwa mwendo wa barabara kuu. Leaf ya 40 iliyotumika haifiki kwa chaji moja ukiwa na amani moyoni, na ya 24 hata usiifikirie. Leaf ya Kijapani ina tundu mbili: moja ya kuchaji polepole na moja ya kuchaji haraka kwa mfumo wa CHAdeMO, wakati vituo vipya duniani vinajengwa zaidi kwa mfumo wa CCS, na magari yaliyotengenezwa kwa soko la China yana tundu lao la GB/T. Usijenge mpango juu ya kituo cha haraka ambacho hujakiona kwa macho na kukijaribu. Kuchomeka kwenye soketi ya nyumba ya wageni Chalinze ni saa nyingi za kukaa. Njia ya uhakika ni kulipumzisha gari: treni ya SGR imekuwa ikienda Morogoro tangu Juni 2024, safari ni chini ya saa mbili. Kama huwa unampelekea mama magunia na ndoo, basi siku hiyo moja ya mwezi uazime gari la petroli. Kama hilo haliwezekani kabisa kwenu, gari la umeme pekee nyumbani halitawatosha.

Tuje kwenye LUKU, ambayo kwangu ndiyo kikwazo kikubwa kuliko betri. Kilomita zako 50, ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, zitakula kama uniti 9.3 kwa siku, yaani zaidi ya 230 kwa siku 25 za kazi. Nyumba ikiwa kwenye ule umeme wa shilingi 100 kwa uniti, kumbuka bei hiyo ni kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Ukishavuka unalipa 350, kisha mita inahamishiwa kundi la kawaida la shilingi 292, ambayo ukijumlisha kodi na tozo inakuwa kama 356. Maana yake wenzako wawili wataanza kulipa umeme ghali kwa sababu ya gari lako. Huo ni ugomvi wa nyumba, na ni ugomvi wa haki. Zungumza na mwenye nyumba mapema: mita yako mwenyewe kutoka TANESCO ndilo jibu safi. Mita ndogo ya kuhesabia matumizi yako peke yako inasaidia kugawana bili, lakini haiwaondolei wenzako kupanda kwa bei. Mwenye nyumba akikataa vyote, usinunue gari la umeme mpaka uhame. Kuchaji kwa kuomba omba hakudumu.

Akikubali, laini ya kuchajia iwe ya peke yake kutoka meni swichi. Chaja iliyo ndani ya Leaf nyingi za Kijapani ni ya kilowati 3, inavuta kama ampea 13 mfululizo kwa saa saba au nane. Soketi ya ukutani ya ampea 13 imezoea pasi ya dakika ishirini na birika la dakika nne. Ukiibebesha mzigo huo usiku mzima inapata moto, plastiki inalainika, miguu ya plagi inakuwa nyeusi, na moto wa nyumba unaanzia hapo. Ekstensheni iliyoviringishwa ni mbaya zaidi, na kile kilinda friji hakikutengenezwa kwa kazi hii. Weka waya wa milimita mraba 4, au 6 kama ni mbali, swichi ya kujikata ya ampea 20, kifaa kinachokata umeme unapovuja cha miliampea 30, na soketi ya viwandani ya bluu ya ampea 16. Nguzo ya ardhini ipimwe. Nyumba nyingi waya wa ardhini upo kwenye soketi tu, chini haukufika, na waya wa kuchajia ukigundua hivyo unawasha taa nyekundu na kugoma. Watu wanasema gari bovu, kumbe nyumba ndiyo bovu. Asije fundi akakuunganishia njia ya kuudanganya waya huo ili taa nyekundu isiwake. Taa hiyo inalinda uhai wako na wa watoto.

Soma pia lebo ya waya wa kuchajia uliokuja na gari. Wa Japani mara nyingi umeandikwa volti 200, na mwingine 100. Wa 100 usiuchomeke hapa kabisa. Ulio salama ni kununua uliotengenezwa kwa volti 220 hadi 240, wenye kichwa kinachoingia kwenye tundu la gari lako.

Faida yenyewe ni hii. Uniti 9.3 kwa 356 ni kama shilingi 3,300 kwa siku. IST kwenye foleni tuseme inakwenda kilomita 12 kwa lita: lita 4.2, na kwa petroli ya shilingi 2,800 ni kama 11,700. Unaokoa 8,400 kwa siku, 210,000 kwa mwezi, milioni mbili na nusu kwa mwaka. Badilisha bei ya lita kila EWURA inapotangaza mpya, hesabu ni ileile. Ongeza kwamba hakuna oili ya injini, plagi, wala filta ya mafuta, na breki zinadumu kwa sababu mota ndiyo inayopunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Matairi hayadumu vile, gari ni zito, linakaribia tani moja na nusu. Oili ya breki bado inabadilishwa, bushi za Dar bado zinakufa. Na kuna betri ndogo ya volti 12 ambayo ikichoka gari zima linagoma kuwaka, dashibodi inajaa taa za ajabu, na mtu asiyejua anaanza kukuuzia betri kubwa. Kabla ya kuamini lolote, pima hiyo ndogo.

Upande wa hasara usisahau kuuza. Anayetaka IST yako yupo kila kona, anayetaka Leaf yako atauliza maswali yote haya niliyokujibu. Kama kuuza ndani ya miaka miwili kumo kwenye mipango yako, au mwenye nyumba haeleweki, Toyota Aqua ya haibridi itakupunguzia petroli karibu nusu bila kukudai soketi, na Morogoro unakwenda. Kama mita yako inawezekana na utakaa na gari miaka mitano, tafuta Leaf ya 40 iliyopimwa.

Kazi mbili usimpe fundi wa chini ya mwembe hata akiwa hodari kiasi gani. Ya kwanza ni chochote kinachogusa nyaya za rangi ya chungwa au boma la betri. Mwenye mafunzo anachomoa plagi ya usalama, anasubiri dakika 10 umeme uliobaki uishe, anapima kwa glavu za volti 1,000 ndipo anagusa. Mwulize kwanza anafanyaje. Asipotaja kusubiri wala glavu, mshukuru uondoke. Seli dhaifu moja inaweza kutolewa na kifurushi chake na kuwekwa kingine cha uzee unaofanana, ila betri iliyochakaa yote haiponi kwa njia hiyo. Ya pili ni laini ya kuchajia: mwite fundi umeme mwenye leseni, aje na kipimo cha ardhini, akuonyeshe namba kwenye kioo kabla hujamlipa.